Viti Saba

Muzammil alikuwa ameuza magari Ruiru kwa miaka mingi, na swali lake la kwanza kwa mteja halikubadilika. Jumamosi ile aliwatazama watu waliosimama kwenye yadi yake, mume na mke mbele, watoto wamejipanga nyuma yao kama wanaosubiri kupigwa picha. Akamwuliza mzee:

"Familia ni watu wangapi?"

"Saba," Munyao akajibu.

Kanini, mkubwa wa watoto wote, alidhani amesikia vibaya. Watoto peke yao walikuwa wanane. Alimtazama mama, yaani Mwelu, mke wa Munyao, akangoja amsahihishe mumewe. Mwelu alikuwa ameinama akimfunga kitinda mimba wake kamba za viatu, na ingawa kamba zilikuwa zimeshafungwa, aliendelea kuzifunga.

Muzammil naye alikuwa anajua kuhesabu. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watoto mara moja, yakarudi kwa Munyao. Kazi yake ilikuwa kuuza magari.

Watoto watano walikuwa wa Munyao na Mwelu, wa kwanza wao akiwa Mutisya, kijana wa miaka kumi na mitano. Watatu waliobaki walikuwa wa Kimeu, ndugu mdogo wa Munyao: Kanini, aliyekuwa na miaka kumi na saba, Kisilu wa kumi na miwili, na Jentrix wa saba. Kimeu alikuwa akifanya kazi kwenye machimbo ya mawe hapo Ruiru. Yeye na mkewe, msichana wa Kibukusu aliyemwoa kinyume cha matakwa ya kwao, walifia pamoja katika basi lililopinduka wakienda kuwaona wakwe Kimilili. Jentrix, aliyepewa jina la bibi yake wa huko, alikuwa na miaka mitatu wakati huo. Munyao akawachukua wote watatu hadi nyumbani kwake Ngoliba, mashariki ya Thika, na tangu siku hiyo walimwita baba, na Mwelu mama. Jentrix hakuwa na kumbukumbu ya kumwita mtu mwingine hivyo.

Habari ya gari ilianza na meneja. Munyao alikuwa msimamizi katika kiwanda kimoja cha kupakia matunda mikebeni mjini Thika, na meneja wake alikuwa na gari kubwa la four-wheel ambalo kila mwisho wa wiki lilipakia mke, watoto na hema na kupotelea porini. Jumatatu meneja alirudi na hadithi za tembo. Siku moja alimchukua Munyao kwenda kumsaidia kusimamisha mahema karibu na Fourteen Falls. Munyao aliona jinsi kila mtoto alivyokuwa na kiti chake, dirisha lake na chupa yake ya maji, na jinsi milango ilivyofungika kwa sauti ndogo, nzito. Alirudi nyumbani jioni akawakuta watoto wanane wakila kutoka sinia moja, akasimama mlangoni akiwatazama kwa muda mrefu bila kusalimia.

Mwezi mmoja baadaye alitangaza mezani kwamba ameiuza ploti ya Kimbo, kule Ruiru.

Ploti hiyo Kimeu alikuwa ameinunua kupitia chama cha wafanyakazi wa machimbo. Kanini aliikumbuka. Baba yake alimpeleka akiwa mdogo, akamwonyesha mahali mlango utakapokuwa na mahali pa choo.

"Tutanunua gari la familia," Munyao alisema. "Gari la kwenda mahali barabara imeisha. Tutaenda Masinga, tutapanda Kilimambogo, hata Tsavo tutafika."

Watoto walipiga kelele za furaha, na Kanini alifurahi kuliko wote. Aliona kwamba baba yake, aliyekufa kabla ya kujenga, amewaachia kitu ambacho wote wangepanda pamoja. Usiku, Jentrix akiwa amelala kando yake, alijinong'onezea kwamba hilo gari litakuwa ni kama la baba Kimeu.

Sasa walikuwa kwenye yadi na hesabu ilikuwa saba.

"Baba," Kanini akasema, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya kawaida, "si tuangalie ile ndefu?"

Alinyoosha kidole kwenye Land Rover ya kijani iliyosimama pembeni, ile ya mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Wiki nzima watoto walikuwa wamezungumzia gari la aina hiyo. Muzammil, kwa kuwa kufungua mlango hakugharimu kitu, akaifungua. Watoto wakaingia kwa fujo. Wote wanane walitosha, magoti yakigusana, na bado kukabaki nafasi ya kuweka sufuria na mkungu wa ndizi. Kisilu alikwenda moja kwa moja kwenye usukani. Alikuwa mtoto wa magari. Aliyajua kwa mlio hata kabla hayajatokeza kwenye kona.

"Hii hata matope ya Yatta haiwezi kukataa, mzee," Muzammil alisema. "Na watu wote wanaingia."

"Hiyo ni gari ya polisi ya kushika wapika chang'aa," Munyao akasema. "Nikiingia nayo kanisani watu watakimbia. Shukeni."

Walishuka. Munyao alikuwa ameshafika kwenye Pajero ya rangi ya maziwa, viti vya kitambaa, tairi la akiba limevishwa kofia nyuma. Alifungua mlango akaufunga, akausikiliza. Akafungua tena.

"Hii inabeba wangapi?"

"Saba, mzee. Mbele wawili, katikati watatu, nyuma wawili."

"Mutisya, ingia. Wewe na wadogo zako."

Watoto wake watano waliingia, na Mwelu akakaa mbele. Munyao akaushika usukani. Kila kiti kilijaa, hakuna aliyebanwa. Nje ya vioo walibaki watatu wamesimama juu ya kokoto, na Jentrix akavuta sketi ya dada yake.

"Sisi tunaingilia wapi?"

"Ngoja," Kanini akasema.

Muzammil alikuwa mtu mwenye watoto. Alimfuata Munyao hadi ofisini na, kabla ya kumkabidhi funguo, alimwambia kwamba ile Land Rover angempunguzia. Munyao alicheka kidogo. "Wewe uza," alisema. "Mambo ya nyumba yangu niachie."

Siku hiyo walirudi Ngoliba kwa makundi mawili. Pajero ilikwenda na saba wake. Kanini na wadogo zake walipewa nauli.

*

Safari ya kwanza ilikuwa Kilimambogo. Mwelu alimwambia Kanini kwamba lazima wengine wabaki na ng'ombe, na kwamba safari nyingine watabadilishana. Kanini alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini. Wenzao walirudi jioni na vumbi jekundu kwenye nyusi, wakiongea wote kwa pamoja juu ya nyati waliyemwona akiwatazama kichakani. Kisilu aliwauliza gari lilipandaje mlima, gia gani, lilinguruma vipi. Halafu alilala chini yake na tochi akaangalia matope yalikokwamia.

Safari ya pili ilikuwa Fourteen Falls. Jumapili hiyo Jentrix aliamka mapema akaoga, akavaa gauni la kanisani, akaenda kusimama karibu na lango akiwa ameshika chupa ya maji. Munyao alipofika hapo na gari alipunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Nifungulie lango, mama," alimwambia kwa upole.

Jentrix alifungua. Gari likapita. Akalifunga, kwa kuwa alikuwa amefundishwa kulifunga ng'ombe wasitoke.

Kanini alimwendea Mwelu jikoni kesho yake. "Mama, ulisema tutabadilishana."

Mwelu alikuwa akipepeta maharagwe. "Nimeongea naye, mwanangu. Nimeongea mpaka akaacha chakula. Unataka nifanye nini? Nishuke mimi?"

Kanini alitaka kusema ndiyo. Mwelu aliendelea kupepeta.

Mpango wa safari ya tatu ulikuwa wa watoto wenyewe. Mutisya ndiye aliyeubuni. Walikuwa wanakwenda bwawani Masinga kulala hemani, na kwenye sakafu, kati ya viti vya katikati na vya nyuma, palikuwa na nafasi ya mtoto mdogo akijikunja. Kabla wazazi hawajatoka walimlaza Jentrix hapo, wakamfunika blanketi, wakaweka miguu yao juu yake kidogo kidogo wasimuumize. Kanini hakuambiwa. Alidhani mdogo wake yuko kwa jirani.

Walikwenda vizuri mpaka karibu na Matuu. Munyao alikuwa na furaha, akipiga mluzi. Kisha wakaiacha lami wakashika njia ya vumbi, na vumbi likaingia hadi chini ya blanketi. Jentrix alipiga chafya.

Watoto wote wakapiga chafya kwa pamoja kumfunika, na pengine wangefaulu kama mmoja wao, yule mdogo kabisa, hangecheka.

Munyao alisimamisha gari. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma na kuvuta blanketi. Jentrix alimtazama kutoka sakafuni, nywele zimejaa vumbi, bado anatabasamu kidogo kwa sababu ulikuwa mchezo mzuri.

"Shuka," alisema.

"Baba Mutisya," Mwelu akasema kutoka mbele, "huyo ni mtoto. Nitampakata."

"Leo utampakata. Kesho?"

"Tuko mbali na nyumbani."

"Alijua ni mbali alipoingia." Akamshika Jentrix mkono, bila kumvuta kwa nguvu, akamsimamisha kando ya njia, akamgeuza uso upande walikotoka. "Unaona hii barabara? Ukiifuata itakupeleka kwenye lami. Lami inakupeleka nyumbani. Usiingie vichakani."

Jentrix bado hakulia. "Baba, nitakaa chini. Sihitaji kiti."

"Mimi si baba yako," Munyao akamwambia. "Baba yako alikufa. Mkubwa wako hajakuambia?"

Akarudi ndani ya gari, akafunga mlango. Mwelu alikuwa anatazama mbele kana kwamba kulikuwa na kitu barabarani. Munyao aliweka gia, na gari lilikuwa limeanza kwenda mlango wa nyuma ulipofunguka na Mutisya akaruka nje. Alianguka kwa magoti, akainuka, akarudi mbio kwa Jentrix bila kugeuka.

Munyao alimtazama kwenye kioo. Alingoja kidogo. Kisha akaendelea na safari, na usiku huo familia ya watu sita ililala Masinga na kuchoma nyama.

Mutisya alimbeba Jentrix mgongoni kila alipochoka. Kwenye lami lori la mchanga liliwahurumia likawasogeza hadi kituo cha Ngoliba. Jua lilikuwa linazama Kanini alipowaona wakiingia langoni. Kiatu kimoja cha Jentrix kilikuwa hakipo, na unyayo ulikuwa umechubuka. Kanini alimkalisha kwenye karai la maji ya moto, na akiwa anamsafisha, mtoto alimwuliza:

"Ni kweli baba alikufa?"

"Nani amekuambia?"

"Baba."

*

Akina Munyao waliporudi Jumatatu, Kanini alikuwa anawangoja uani. Hakusogea kuwapisha wapitishe mizigo.

"Baba mkubwa," akasema. Lilikuwa neno sahihi kwa ndugu mkubwa wa baba yake, lakini halikuwahi kutamkwa katika ile nyumba, na Mwelu aliangusha sufuria aliyoishika. "Ploti ya Kimbo ilikuwa ya nani?"

"Ya ndugu yangu."

"Kwa hivyo hii gari ni ya nani?"

Munyao hakukasirika. Aliegemea gari, akakunja mikono, kama mtu anayemweleza mfanyakazi mgeni utaratibu wa kiwanda.

"Kanini, mmekaa hapa miaka minne. Mmekula, mmevaa, mmesoma. Ile ploti mlishaimaliza kwa kuila. Ulidhani ugali unatoka wapi? Kilichobaki kimetosha gari ya watu saba tu. Kama Kimeu alitaka muwe na gari, angekaa hai."

Kanini alitamani kumpiga na chochote kilichokuwa karibu. Hakukuwa na kitu karibu isipokuwa ndoo, na ilikuwa na maziwa.

Mutisya hakupigwa. Baba yake hakumwambia lolote wiki nzima, na kijana akaanza kutumaini. Jumapili, watoto walipokuwa wanaingia garini, Munyao alimzuia kwa mkono.

"Wewe ulishuka," alimwambia. "Kiti kilichoachwa hakikai bure." Akageuka, akaita kwa sauti ya furaha: "Kisilu. Njoo hapa, kijana. Unataka kukaa mbele uone gia?"

Kisilu alikuwa amesimama karibu na zizi. Alimtazama Kanini. Alimtazama Mutisya. Halafu akalitazama gari, na Kanini akaona kwenye uso wake kwamba jambo limekwisha. Alikwenda akikimbia. Munyao alimfanya avae viatu vya raba vya Mutisya, hapo hapo, na Mutisya ndiye aliyeambiwa avivue.

Mwelu alihamishiwa kiti cha katikati.

Jioni Kisilu alirudi akinuka petroli, akiwa ameruhusiwa kubadilisha gia mara moja kwenye uwanja mtupu. Alitaka kumsimulia Kanini. Kanini alikuwa amemgeuzia mgongo, anasonga ugali. Akamsimulia Jentrix badala yake, na Jentrix akamsikiliza kila neno na kumwuliza kama kule mbele mtu anaona mbali.

Kanini alikuwa ameamua kuondoka, akangoja shule zifungwe. Huko Gitothua, Ruiru, alikuwa na mtu mmoja, Mumbi, mwanamke aliyeuza mboga na aliyekuwa rafiki ya mama yake enzi za Ruiru. Mumbi alimwambia chumba ni kimoja lakini watabanana, na kwamba mashamba ya kahawa yanatafuta wachumaji. Kanini akafunga nguo zao kwenye gunia. Mutisya akamsaidia kulibeba hadi kituoni.

"Nisamehe, sista," Mutisya alisema. "Ile stori ya blanketi ilikuwa yangu."

"Wewe ndiye uliyeshuka," Kanini akamjibu. "Nisamehe nini?"

Kisilu hakwenda. Kanini alimvuta kando ya nyumba akamshika mabega yote mawili.

"Wewe si mtoto wake. Akichoka na wewe atakushusha. Umemwona akimshusha Jentrix?"

"Mimi sikujificha," Kisilu akasema. "Mimi aliniita." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi lakini alisimama imara. "Mwezi wa nne tunaenda Tsavo. Amesema nitakaa dirishani."

"Na sisi?"

Kisilu alifikiri. Alikuwa anajaribu kweli kupata jibu zuri. "Mimi nitawaletea picha," akasema.

Munyao hakutoka nyumbani kuwaaga. Alikuwa ndani, na redio ilikuwa juu.

*

Walikaa Gitothua. Kanini alichuma kahawa, na msimu ulipopita akafua nguo za watu. Jentrix alianza darasa la pili. Kila siku ya soko alimsaidia Mumbi kupanga nyanya, akazoea, akaacha kuuliza mambo ya Ngoliba isipokuwa moja tu: kama Kisilu ameshafika Tsavo.

Ilikuwa karibu na Pasaka walipokwenda Kimbo kumpelekea mteja nguo. Kanini aliepuka kupita kwenye ile ploti. Alikuwa ameiona mara moja, nyumba ya ghorofa ikiota juu ya mahali pa mlango na mahali pa choo, na ilimtosha. Walipitia barabara ya juu, penye pampu ya petroli. Pajero ya rangi ya maziwa ilikuwa imesimama hapo, na hema limefungwa juu yake. Munyao alikuwa ananunua maji kwenye duka. Mwelu na watoto walikuwa ndani. Kisilu alikuwa nje, amekuwa mrefu, ameshika kitambaa, anapangusa kioo cha mbele kwa uangalifu mkubwa.

Jentrix aliachia mkono wa dada yake, akaweka furushi la nguo chini, akakimbia. "Kisilu," aliita. "Kisilu, ni mimi."

Kisilu aligeuka. Uso wake ulianza kufunguka, halafu ukasimama nusu, na kabla ya kujibu aligeuza kichwa kutazama upande wa duka. Munyao alikuwa mlangoni na chupa zake za maji. Aliwaona wote. Alitikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba hana neno, wasalimiane tu.

Hapo ndipo Kisilu alipotabasamu.

"Sasa," alimwambia dada yake mdogo, kama mtu anavyomsalimia jirani.

"Poa," Jentrix akasema. "Mnaenda Tsavo?"

"Ndiyo. Siku nne." Akageuka kwa Kanini, akateremsha macho. "Habari, Kanini."

Kanini alikuwa anamtazama Mwelu nyuma ya kioo. Mwelu aliinua mkono, akaushusha, akafungua pochi yake akaanza kutafuta kitu ndani yake, na aliendelea kukitafuta.

Jentrix alikuwa amesogea karibu na gari. Ndani watoto wenzake walimpungia, mdogo kabisa amebandika pua kiooni. Jentrix akacheka, akaweka kiganja chake kwenye kioo, mahali pale pale pa pua.

"Usishike hapo," Kisilu akasema. "Imeoshwa."

Alikuja akapangusa alama ya vidole hadi ikaisha.

Munyao alifika, akampa Kisilu chupa ya maji na kumgusa kichwani, akawasha gari. Walipotoka kwenye pampu, Jentrix alinyoosha mkono juu akawapungia, akarukaruka ili wamwone. Kanini aliushika ule mkono hewani akaupiga kofi, kwa nguvu, mara mbili, mbele ya watu wa petroli. Mtoto alimtazama kwa mshangao. Katika maisha yake yote dada yake hakuwahi kumpiga.

"Chukua nguo," Kanini akamwambia. "Tumechelewa."

Jentrix aliinama akaokota furushi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukiwa unauma, akamfuata nyuma.